MASUKU NI YA NANI?



Tangu mvua ya kwanza imenyesha, neno ni moja tu katika interna: masuku. Wengine wanasema Bwana Prefe afunge kabisa njia ya kwenda mu pori. Wengine wanasema pori ni ya Mungu, kila mtu aingie na gunia lake. Sisi makapita tumesikiliza pande mbili, na hatukubali hata moja.

Kufunga kwanza. Nani atalinda? Saa sita tunakula bukari na maharagi, magaribi bukari na maharagi. Tunamshukuru Mungu, na mpishi pia. Lakini mtoto wa mwaka wa saba akisikia harufu ya masuku inatoka ng'ambo ya uwanja wa mpira, hakuna ukuta wa kumzuia. Ataenda kwa kujificha, na mwenye kujificha hana wakati wa kuchagua, anakula hata yaliyo mabichi. Usiku tumbo linamukata, na kapita ndiye anaamushwa! Tena mtu asiseme kuokota matunda ni kazi ya wasiosoma. François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya pori kama hii yetu: matunda, buyoga, vishimu. Mambo ambayo mama zetu walijua zamani, yeye aliyapima na kuyaandika.

Lakini wale wanaosema pori ni ya kila mtu, na hao tuko na maneno mengi zaidi.

Ndugu, umeona wale mama wanaokaa kando ya barabara ya Likasi na mabeseni yao? Wanaamka mbele ya jua. Beseni moja ni chumvi, ni sabuni, na kwa wengine ni minervali. Tuko na wenzetu hapa hapa, wanaotoka kijijini kila asubuhi, ambao feza yao ya masomo ya mwezi wa kumi na moja inatoka katika masuku. Sasa mwanafunzi wa interna anafika na fimbo, anapiga matawi, anatupa jiwe kwa shina, na matunda yanaanguka mabivu na mabichi pamoja. Anakula kumi, anaacha mia mu majani. Yale mabichi, hata ukiyafunika siku tatu, hayapati utamu wa lile lililoanguka lenyewe. Mama akifika kesho yake atakuta nini? Na mtoto wake akirudishwa nyumbani juu ya minervali, sisi tutasema tu: maskini, wazazi wake hawana kitu.

Halafu kuna jambo la miti yenyewe. Msuku uko dume na jike. Dume linatoa maua, lakini tunda hata moja hautaliona. Kwa hiyo siku ya salongo wengine wanalitazama na panga mkononi: «Huu hauzai, tuukate kwa jiko.» Hii si akili. Pasipo dume karibu, jike nalo litakaa bule. Wachoma makala peke yao wanatosha kutumalizia pori, maana mji wa Lubumbashi unapika na makala, na kila mwaka tunaona moshi wao karibu zaidi. Tusiwasaidie.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, kuna sheria juu ya mtu anayeingia katika mizabibu ya jirani: anaruhusiwa kula mpaka ashibe, lakini hapana kutia ndani ya chombo chake. Tunaona sheria hiyo inatufaa kabisa. Kula palepale, tumbo lina mpaka wake. Gunia halina.

Basi tunamuomba Bwana Prefe atupe Jumamosi kisha chakula cha saa sita, wadogo wakiongozwa na wakubwa wawili au watatu, na kwanza watu watumwe kwa chifu wa kijiji kumuuliza upande gani wa pori tusiuguse. Tutaokota yaliyoanguka tu. Fimbo na mawe, hapana. Matungulu yakatwe kwa mkono polepole, si kungoa na mizizi kama mtu anayelima. Na tunda ambalo hakuna kati yetu anayelijua jina lake, libaki pale lilipo, hata kama ndege wanalikula. Tumbo la ndege si tumbo lako.

Barua imekwisha kuandikwa, na chini yake kuna nafasi ya majina. Anayetaka kutia sahihi aje kwa chumba cha makapita mbele ya Ijumaa. Wenye magunia wayarudishe kwa stoo, kwa sababu mpishi anayatafuta tangu juma lililopita.