UCHAMBUZI: Sheria ya Vyuma Chakavu Huanzia Kwenye Mizani

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Januari 2022, umeme ulipotea kote nchini Kenya. Minara ya njia ya umeme wa msongo mkubwa kati ya Kiambere na Embakasi ilikuwa imeanguka katika eneo la Imara Daima, Nairobi, na lawama zikaelekezwa kwa watu wanaofungua vyuma vya minara na kwenda kuviuza. Siku tisa baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha ununuzi, uuzaji na usafirishaji nje wa vyuma chakavu. Marufuku hiyo iliondolewa kuanzia tarehe 1 Mei mwaka huo, na biashara ikarejea chini ya usimamizi mkali zaidi wa leseni.

Wengi wanaikumbuka marufuku. Kinachosahaulika ni kwamba sheria ilikuwapo tayari. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya ile ya zamani, Sura ya 503, na kuunda Baraza la Vyuma Chakavu la kusimamia utoaji wa leseni. Inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na atunze kumbukumbu za bidhaa anazonunua. Kwa hiyo taa zilipozimika Januari ile, nchi haikuwa imekosa kifungu cha kumshtaki mtu. Kilichokosekana ni utekelezaji mahali pamoja mahususi, napo ni kwenye mizani ya yadi.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Chuma hupita mikono mingi: huanza kwa mwokotaji mwenye gunia au mkokoteni, kikafika yadi, kikapakiwa lori, na mwisho kikatumbukizwa katika tanuri la kiwanda, tuseme kule Athi River, kitoke kikiwa malighafi ya nondo za ujenzi. Ndani ya tanuri, kipande cha mnara wa umeme na kipande cha kitanda kibovu huwa kitu kimoja. Hakuna mpelelezi awezaye kuvitenganisha tena. Kwenye mizani, hata hivyo, kila kipande bado kina sura yake. Chuma cha mnara kimepakwa zinki na kutobolewa matundu kwa vipimo maalumu. Kingo ya barabarani ina mikunjo inayojulikana. Kishikizo cha reli hakifanani na kitu chochote kinachopatikana jikoni wala shambani. Mtu aliyekaa yadini miaka michache huvitambua vyote hivyo kwa kuvitazama tu, na utetezi wa kwamba hakujua ni mgumu kuukubali.

Ndiyo maana marufuku ya jumla, ingawa ilieleweka wakati ule, ilikuwa dawa kali kuliko ugonjwa wa wengi waliolazimika kuinywa. Iliwafungia milango waokotaji wanaoishi kwa mapato ya siku. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji wanaogeuza mapipa na mabati kuwa majiko, masanduku na makarai, nao hutegemea vyuma hivyohivyo. Mwizi wa bolti za minara ni mmoja katikati ya umati wa watu wanaosafisha mitaa yetu bila kulipwa na yeyote ila mizani.

Magari yana kisa chao. Kanuni za uagizaji haziruhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingia nchini, ilhali barabarani yapo maelfu yenye umri mkubwa zaidi. Mwenye gari la namna hiyo akiharibikiwa na giaboksi, mara nyingi huelekea Barabara ya Kirinyaga, ambako wakongwe bado hupaita Grogan, au kwa wavunja magari wa mtaani kwake. Vipuri hivyo vina chanzo halali: kuna vilivyoagizwa vikiwa vimetumika, na kuna vilivyong'olewa kwenye mabaki ya magari yaliyopata ajali ambayo kampuni za bima huyauza. Tatizo ni kwamba kioo cha pembeni kilichoibwa jana usiku hukaa kwenye rafu ileile, bila alama yoyote ya kukitofautisha.

Mnunuzi ana kinga ndogo lakini ya kweli. Adai risiti yenye jina la duka na maelezo ya kipuri. Akinunua injini, aandike nambari yake na kupata karatasi zinazoonyesha ilikotoka, kwa sababu mabadiliko ya injini hupaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Injini isiyo na asili itamkwamisha siku ya kuuza gari, kama si kabla ya hapo. Breki na matairi yaliyokwisha kutumika afadhali ayaache, hata yakiwa bei ya kutupa.

Kuna chakavu kimoja kisichostahili kuchukuliwa sawa na vingine: betri. Ndani yake mna risasi na tindikali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi kati ya miaka ya 2007 na 2014 kiliwaachia wakazi, watoto wakiwemo, sumu ya risasi mwilini. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi huo, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Taasisi za serikali zilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama, na haifai ukurasa huu ulifiche jambo hilo. Usimamizi hafifu kwenye lango la kiwanda kimoja uligharimu afya ya kijiji kizima.

Wakaguzi wanapozuru yadi leo, leseni iliyotundikwa ukutani ndicho kitu chepesi zaidi kukagua. Kitabu cha manunuzi ndicho kigumu, kwa kuwa muuzaji wa kilo tatu za alumini huenda hana kitambulisho mfukoni na mwenye yadi hana subira ya kuandika. Hapo ndipo juhudi zinapaswa kuelekezwa: kumwandikisha mwokotaji bila kumtisha, ili jina lake limlinde yeye pia siku polisi watakapokuja kuuliza habari za nyaya za shaba.

Kwa mwananchi anayetaka kuliuza gari bovu lililolala uani, hatua ya kwanza ni kuiarifu NTSA kwamba gari hilo linavunjwa na halitarudi barabarani. Nambari za usajili na hati ya umiliki, ambayo wengi huiita logibuku, zisipelekwe yadini pamoja na chuma. Karatasi halali za gari lililokufa zina wateja wake, na huzitumia kulipa jina jipya gari lililoibwa.