Gitaa Lisimeze Mashairi

Tuambiane ukweli: hafla nyingi za mashairi zinaharibiwa na amplifaya. Mshairi kahangaika na vina wiki nzima, mpiga gitaa kafanya mazoezi, halafu maiki na gitaa vyote vinachomekwa kwenye amplifaya ya gitaa la umeme, eti kwa sababu ndiyo iliyokuwepo ukumbini. Makofi yanapigwa. Ubeti hakuna aliyeusikia.

Amplifaya ya aina hiyo haikuundwa kutoa sauti kama ilivyo. Iliundwa kuinogesha: huipa rangi yake, hukwaruza ikizidishwa, na spika yake huanza kuishiwa pumzi ikipita hezi 5,000 hivi. Kwa roki, safi kabisa. Ila huko juu ndiko S, F na SH zinakopata ukali wake. Pitisha sauti ya mshairi humo, uone kama aliyekaa nyuma atatofautisha kusuka, kufuka na kushuka. Na kina chetu ni silabi nzima, si irabu tupu. Konsonanti ikififia, kina nacho kimekwenda.

Gitaa kavu lenyewe linaumia. Lina kinasa mtetemo chini ya daraja la nyuzi, na kifua chake kitupu hudaka kila sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha tena. Ndiyo ile miluzi. Fundi akipunguza, gitaa halisikiki. Akiongeza, linammeza mshairi.

Wataniambia: hela ziko wapi? Haya. Amplifaya za gitaa kavu kama AER Compact 60 ni ghali, sibishi. Lakini hakuna anayelazimishwa kuinunua. Kama ukumbi una mikisa na spika zake, nunua kiboksi cha DI. Kazi yake ni kuifanya sauti ya gitaa isafiri kwenye waya mrefu bila kukonda wala kuvuma. Maiki iende kwenye njia yake, gitaa kwenye njia yake. Kama ukumbi hauna kitu, ndipo mchangie amplifaya ndogo ya gitaa kavu yenye njia mbili. Wati 60 zinatosha chumba cha watu wanaosikiliza. Wasiosikiliza hata wati 1,000 haziwasaidii.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Katanga: mtu mmoja, gitaa moja kavu, Kiswahili. Mpaka leo vidole na maneno havigombani humo. Amplifaya nzuri ni ile inayoupeleka uwiano huo hadi kiti cha mwisho, basi.

Kwa hiyo waandaaji, acheni kusema sauti ni shauri la fundi mitambo. Mnapojaribu vyombo, msiishie kwenye "moja mbili, moja mbili". Mketisheni mtu nyuma kabisa, asomewe ubeti asiowahi kuusikia, gitaa likipigwa, auandike. Akikosea neno, hafla isianze.