Umenunua Nusu ya Kompyuta

Muhula uliopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa chumba cha kompyuta katika shule moja ya binafsi. Utepe ulikatwa, wazazi wakapiga makofi, kisha mwalimu akaanza kuziwasha laptopu moja baada ya nyingine. Zilikuwa ishirini, ndogo, za mtumba, kila moja na alama ya stika iliyobanduliwa. Saba zilikataa kuingia. Zilitaka anwani ya baruapepe ya shule fulani ya Marekani ambayo watoto wale hawajawahi kuisikia. Mwalimu akafuta kila kitu na kuanza upya. Zikafutika, zikawaka, zikauliza swali lilelile.

Mkurugenzi alinong'ona kwamba ametapeliwa. Mimi naona aliuziwa kitu asichokielewa, na huenda hata muuzaji hakukielewa.

Laptopu tuliyoizoea ni sanduku: mali yako imo ndani, ufunguo unao. Hizi ndogo, ambazo zinajulikana zaidi kwa jina la Chromebook na zilianza kuuzwa mwaka 2011, ni dirisha. Kilichomo ndani hasa ni kivinjari. Insha za wanafunzi, majedwali na picha hukaa kwenye kompyuta kubwa za Google, mbali na darasa. Ndiyo maana zinauzwa rahisi. Hazihitaji nguvu nyingi, nyingi zina hifadhi ya GB 16 au 32 tu, na betri zake huweza kuvuka siku nzima ya masomo. Mtoto akiiangusha ikapasuka, kazi yake ataikuta kwenye nyingine. Kwa mwalimu mwenye watoto hamsini na mashine ishirini, hiyo ni neema, wala sitaki kuidharau.

Ila ukinunua dirisha umenunua nusu. Nusu ya pili iko kwa wengine, nao wana masharti yao.

Shule ya Marekani ikinunua mashine hizi huzisajili kwa jina lake, ili msimamizi mmoja azitawale zote akiwa mezani pake. Zikichakaa huuzwa kwa jumla. Msimamizi asipozitoa kwenye sajili kabla ya kuuza, zitavuka bahari zikiwa bado zinamkumbuka bwana wake wa kwanza, na kuzifuta hakutazisahaulisha. Kisha kuna tarehe. Kila modeli ina siku ambayo masasisho yake ya usalama hukoma, na siku hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotoka kiwandani, si tangu ulipoilipia. Mwaka 2023, baada ya kelele za watetezi wa walaji huko Marekani, Google ilitangaza kwamba muda huo utakuwa miaka 10. Ni afueni kwa anayenunua mpya. Anayenunua modeli yenye miaka minane amenunua miwili iliyobaki, na hata hiyo kwa modeli za kabla ya 2021 haiji yenyewe, sharti mwenye mashine aikubali. Baada ya hapo itawaka kama kawaida, lakini kivinjari chake kitazeeka, na tovuti zitaanza kukikataa moja moja.

Na bando? Jaribu kuwafungulia watoto arobaini video moja kwa intaneti ya simu ya mwalimu.

Kwa hili la bando nitaitetea serikali ya Kenya, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Ahadi ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za uchaguzi za 2013. Vilivyofika, kuanzia 2016, vilikuwa vishikwambi. Zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa kwenye shule zaidi ya 20,000, na vingi viliishia nyuma ya milango ya vyuma, vikiogopewa wezi kuliko vilivyopendwa na walimu. Tumevicheka sana. Lakini pamoja na vishikwambi hivyo kilikuja kifaa kimoja ambacho wachekaji hawakitaji: seva ndogo yenye masomo ya mtaala ndani yake, inayorusha mawimbi darasani bila hata shilingi ya bando. Aliyeipanga kazi ile alijua kwamba nusu ya pili lazima iletwe nyumbani.

Shule za binafsi zinazokimbilia mtumba wa bei nafuu hazijaliiga hilo, na hapo ndipo ninapozilaumu. Kolibri na Kiwix ni programu za bure za kusomea masomo na makala bila intaneti. Kompyuta moja ya mezani, hata kuukuu, yaweza kuzibeba, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, na kila laptopu darasani ikazifungua kwenye kivinjari kana kwamba iko mtandaoni. Seva itangulie, laptopu zifuate. Shule isiyo na pesa za vyote viwili inunue seva na laptopu tano, iache ishirini.



Nawe mkurugenzi uliye na ankara mkononi, mwambie muuzaji aiwashe kila moja mbele yako, uingie kwa anwani yako mwenyewe, kisha akuonyeshe tarehe ya mwisho ya modeli ile. Akisitasita, rudi na pesa zako.