DEREVA ASILIPISHWE NYANYA



Habari ya gari la ushirika mnaijua. Tangu Jumatano ya wiki iliyopita hakuna kisima wala kilabu ambako haikuzungumzwa. Nyanya tenga 13 zimeozea mtoni. Wenye nyanya wana uchungu na hatuwashangai, maana mtu amemwagilia kwa ndoo miezi mitatu halafu jasho lake linaliwa na nzi. Lakini haya maneno yanayotembea sasa, kwamba dereva akatwe mshahara mpaka nyanya zote ziishe kulipwa, hayo hatuyakubali. Tunayaandika hapa mapema ili Jumamosi watu waje mkutanoni wameshafikiri.

Mambo yalikwenda hivi. Dereva alifika kivukoni, akashuka, akaingia majini na fimbo. Maji yalikuwa ya magoti, yanakwenda taratibu. Akapita na gia namba moja. Katikati, gurudumu la mbele likatumbukia kwenye shimo lililochimbwa na mafuriko, pua ya gari ikazama, maji yakapanda juu ya boneti. Injini ikakohoa. Yeye akaizima palepale. Ugomvi ulianzia hapo, kwa sababu waliopanda nyuma walimpigia kelele: "Piga stata wewe, tutoke!" Akakataa. Gari likavutwa na maksai wa jirani, na hata lilipokuwa nchi kavu akakataa tena. Alifungua ea klina akakuta sanduku lina maji na chujio limelowa chapachapa. Akasema haliwashwi mpaka fundi aje. Fundi akaja kesho yake alasiri, na jua lilikuwa limeshamaliza kazi yake kwenye matenga.

Sasa wapo wanaouliza, injini ni chuma, maji kidogo yataivunjaje? Ndugu, chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, sukuma. Hewa inakubali, inajibana. Halafu jaza maji, ziba tundu, sukuma tena. Mpini haushuki hata ukiupandia na magoti. Maji hayabanwi, basi.

Injini ya dizeli kazi yake ni hiyohiyo ya kubana. Pistoni ikipanda inaibana hewa mpaka inabaki kama sehemu moja katika ishirini, ndipo inapata joto la kuwasha mafuta. Nafasi inayobaki juu ya pistoni, kwa injini ya pikapu kama yetu, haijazi kikombe cha kahawa. Maji yakizidi hapo pistoni inagota, na kinachopinda ni mkono wake, ule mafundi wanaouita konrodi. Nguvu ya stata peke yake yaweza kuupinda. Kusukuma gari liwake ni vilevile. Na ikiwa injini inakimbia, mkono ukikatika hutoboa ubavu wa injini, hapo hata fundi anavua kofia.

Jingine ambalo wengi hawalijui: gari la petroli likilowa plagi huzimika lenyewe, mara nyingi kabla halijameza maji mengi. Dizeli haina plagi za kutoa cheche. Inaendelea kuvuta tu, na ikikosa hewa inavuta maji. Mdomo wake wa kuvutia kwenye pikapu yetu uko karibu na taa, chini ya kiuno cha mtu mzima. Kwa hiyo anayesema "mbona lori la mbao lilipita?" aende akatazame lile lori linavutia hewa wapi. Ni juu, nyuma ya kichwa chake.

Fundi alifungua nozeli zote nne, akazungusha injini kwa spana, kisha akapiga stata matundu yakiwa wazi. Tundu mbili zilirusha maji mbele ya macho yetu. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa, ikamwagwa. Tumenunua oili, chujio jipya, tumelipa ujira wa fundi, na tangu Ijumaa gari linatembea. Angetii zile kelele, leo tungekuwa tunachangishana kununua injini.

(Lile chujio la zamani mtu ameomba alianike atumie kwake. Asitumie. Karatasi iliyokwisha kunywa maji ya tope huziba, au huchanika na kupitisha vumbi, na vumbi hula silinda polepole. Na trekta letu, ambalo ea klina yake ni ya bakuli la oili, likipita majini bakuli lifunguliwe kabla ya kuwasha. Maji hukaa chini, oili hupanda juu, ikavutwa na injini.)

Kuna wanaosema basi asingeingia kabisa. Hilo ni neno la haki, ila waulizwe pia ni nani aliyekuwa akimhimiza tangu alfajiri kwamba soko linafungwa. Sisi wanakijiji tuna tabia ya kumwita dereva mwoga akisimama, na mzembe akizama. Aprili 2024 huko Arusha gari la wanafunzi liliingia kwenye korongo lililojaa maji ya mvua, watoto wakafa. Pale mtoni kwetu siku ile walikuwa watu juu ya matenga, na mmoja ana mtoto mgongoni.

Maoni yetu ni haya. Hasara ya nyanya ibebwe na mfuko wa ushirika, kama unavyobeba gunia linalolowa ghalani. Neno la dereva pale mtoni liwe la mwisho, hata kama aliyepanda ni mwenyekiti au ni sisi. Shimo lijazwe mawe maji yakipungua, kila nyumba itoe mtu mmoja. Na isimikwe nguzo yenye alama mbili: ya kwanza gari lipite bila abiria, ya pili lisipite kabisa.

Mkutano ni Jumamosi saa 4 asubuhi ghalani. Nguzo ya mninga imepatikana, rangi bado. Mwenye kopo la rangi nyekundu lililobaki alipeleke kwa mtunza stoo.

Katibu wa Tawi