Msomi Gerezani: Tusianze kwa Kuuliza Nani Kamfunga

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, inapotufikia habari ya msomi kutiwa gerezani, aghlabu swali la kwanza katika baraza zetu huwa: amefungwa na nani? Ikitajwa dola tuliyozoea kuilaumu, sauti hupaa. Ikitajwa dola yenye jina la Kiislamu, vichwa huinama na nyudhuru hutafutwa. Sisi twasema swali la kwanza ni jingine: je, ametendewa haki?

Mtazameni Ilham Tohti, Muuighuri, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Minzu mjini Beijing. Aliandika juu ya ukosefu wa kazi na ubaguzi unaowapata watu wake, akihimiza Wauighuri na Wahan wazungumze. Alikamatwa Januari 2014. Septemba mwaka huo kesi yake ilisikilizwa kwa siku mbili tu mjini Urumqi, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa tuhuma ya kutaka kuigawa nchi. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilimpa Tuzo ya Sakharov, na binti yake ndiye aliyeipokea kwa niaba yake. Dhulma hii wengi wetu twaikemea bila ya taabu.

Sasa mtazameni Ahmadreza Djalali, daktari mwenye asili ya Iran aliyekuwa akiishi Sweden. Taaluma yake ni tiba ya maafa, yaani namna ya kuziandaa hospitali ziokoe watu wakati wa matetemeko na misiba mikubwa. Aprili 2016 alikwenda Iran kwa mwaliko wa vyuo vikuu vya huko, akakamatwa. Alikaa miezi saba bila ya wakili, na mitatu kati ya hiyo alikuwa peke yake katika chumba cha gereza. Oktoba 2017 alihukumiwa kifo kwa tuhuma ya ufisadi katika ardhi. Ungamo lake lilioneshwa katika televisheni, naye amesema alilazimishwa. Hadi mwaka 2025 alikuwa angali kifungoni na hukumu ya kifo juu yake. Iran iliridhia tangu 1975 mkataba wa kimataifa unaompa kila mshitakiwa haki ya wakili na ya kutolazimishwa kujishuhudia. Je, hapa sauti zetu zimekwenda wapi?

Mtihani wa tatu ni mgumu zaidi kwetu. Profesa Rahile Dawut wa Chuo Kikuu cha Xinjiang alitumia miaka mingi kuandika habari za mazari za Wauighuri, yaani makaburi ya mawalii na ziara zifanywazo huko. Alitoweka Desemba 2017. Mwaka 2023 ilithibitika kwamba alihukumiwa kifungo cha maisha kwa shitaka la kuhatarisha usalama wa dola. Msimamo wetu juu ya ziara za namna hiyo unajulikana, na hatuubadili. Lakini je, kutoafiki kwetu mambo aliyoyatafiti kunaondoa haki yake ya kuhukumiwa hadharani?

Na tukumbuke: Sheikhul Islam Ibn Taymiyya alifungwa katika ngome ya Damascus kwa fatwa yake juu ya safari za kuzuru makaburi. Alinyang'anywa kalamu na karatasi, akafia humo mwaka 728 Hijria, sawa na 1328. Yeye alizipinga safari hizo, na Profesa huyu aliziandikia kumbukumbu. Anayejua uchungu wa kalamu ya mmoja kunyang'anywa, atanyamazaje kwa mwingine? Wala waliomfunga Ibn Taymiyya hawakuwa makafiri. Imam Ahmad bin Hanbal naye alipigwa mijeledi kwa amri ya khalifa wa Waislamu.

Aya ya 135 ya Suratun Nisaa haikutuachia mwanya wa kupindisha ushahidi kwa ajili ya ujamaa, na aya ya 8 ya Suratul Maida haikutuachia mwanya wa kuupindisha kwa ajili ya chuki. Anayemtetea mfungwa kwa kumtazama adui yake huyo hatetei haki, anashabikia upande.

Wapo watakaosema: dola ina haki ya kujilinda na majasusi. Naam, inayo. Nasi hatudai kwamba msomi yuko juu ya sheria. Twadai shitaka lililo wazi, wakili aliyemchagua mwenyewe, hukumu isiyosimama juu ya ungamo la kulazimishwa, matibabu, na jamaa zake kujua aliko. Dola yenye ushahidi haipungukiwi kitu kwa hayo.

Basi twawausia maimamu wawataje wafungwa hawa katika khutba na dua bila ya kubagua mfungaji. Na wenye uwezo wa kuandika waziandikie balozi za nchi zote mbili, kwa adabu na kwa mambo yaliyothibiti, pasina uvumi.

Mwenyezi Mungu awafariji wafungwa wote waliodhulumiwa, na atujaalie mizani moja kwa tumpendaye na tusiyempenda. Amin.