Chumba kimoja, wapangaji wawili

Chuo Kikuu cha Kisii kinapofunguliwa mwaka mpya wa masomo, vijana huzunguka mitaa ya Nyamage, Mwembe na Jogoo wakisaka vyumba, na swali ni lile lile: nikae peke yangu au na mwenzangu? Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nasema bila kusita, kaeni wawili. Mkopo wa masomo wa HELB huweza kuchelewa, ilhali mwenye nyumba anataka kodi na amana siku ya kuingia. Mzazi wa Nyamira anayetegemea chai naye anangoja bonasi, ambayo hulipwa kuelekea Oktoba, wakati masomo yameshaanza. Kugawana kodi kunampunguzia mzigo mzito. Wala si jambo geni kwetu. Zamani kijana wa Kigusii akishatahiriwa alihamia esaiga, nyumba ya vijana, akalala huko na wenzake. Tofauti ni kwamba kule wazee walikuwa karibu, na mkorofi alijulikana. Huku mjini mnaelewana wenyewe, kwa hiyo ulizaneni mapema mambo ambayo watu huona haya kuyataja: nani ananunua tokeni za stima, gesi ikiisha inakuwaje, mgeni analala siku ngapi, risiti ya kodi ina jina la nani. Hilo la risiti msilipuuze, maana ikiwa na jina lako pekee na mwenzako akihama katikati ya muhula, mwenye nyumba huenda akakudai wewe kodi yote. Na msichana ambaye mwenzake analeta wageni wasiomstahi, tafadhali wazazi, mtafutieni bedsita yake mwezi huu huu.