Acheke Aliyeshika Chepe

Mwaka jana niliitwa mbele ya wazee wa kanisa kwa kosa la kuwaonyesha vijana filamu. Filamu yenyewe ni ya mwaka 1964 na haina rangi. Vijana kadhaa walidhani projekta imeharibika. Inaitwa Dr. Strangelove, aliitengeneza Stanley Kubrick, na inasimulia jinsi jenerali wa Marekani aliyerukwa na akili anavyotuma ndege zikaipige Urusi kwa mabomu ya nyuklia, na jinsi wakubwa wanavyokaa mezani wakishindwa kuzirudisha. Mwishoni mabomu yanalipuka moja baada ya jingine huku wimbo mtamu ukiimbwa. Vijana walicheka sana. Mzee mmoja aliyeingia ukumbini kuchukua viti alisikia kicheko, akatazama ukutani, akaona moshi wa bomu, akaenda kuandika malalamiko.

Hoja yake mbele ya baraza ilikuwa fupi: kifo hakichekwi, tena si ndani ya eneo la kanisa. Siku ile nilijibu vibaya kwa sababu nilikuwa na hasira. Najibu hapa.

Wazungu huziita filamu za namna hii vichekesho vyeusi, jina ambalo mimi, mtu mweusi, sioni linanieleza nini. Mimi naziita vichekesho vya msibani, na nina sababu.

Sisi ni Wanyamwezi. Watani wetu ni Wazaramo, utani ambao wazee husimulia kwamba ulizaliwa katika misafara iliyokuwa ikienda na kurudi kati ya bara na pwani. Kaka yangu alipofariki Dar es Salaam akiwa na miaka 34, aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi alikuwa jirani yetu, mzee wa Kizaramo, Mwislamu. Tulipofika makaburini na jeneza tulimkuta amelala chali ndani ya shimo, macho ameyafumba, mikono kifuani. Akasema nafasi imejaa, Mnyamwezi atafutiwe kwingine, labda kama ndugu zake watamlipa yule kuku aliyemkopesha marehemu. Akaongeza kwamba anamfahamu vizuri, amekufa makusudi ili asilipe deni.

Mama yangu alikuwa hajala wala kusema neno kwa siku mbili. Alicheka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu habari imfikie, akalia kwa sauti. Shemeji alitoa noti ya elfu tano, mzee akainuka, akajipangusa udongo, akabaki shimoni kulipokea jeneza kwa mikono yake. Na baada ya sala alikuwa wa mwisho kuweka chepe chini.

Miaka michache baadaye, kwenye msiba wa watu wengine, nilimsikia mhubiri akiwafukuza watani kwa kipaza sauti. Utani aliuita upagani. Watani waliondoka kimya. Waliondoka na majembe yao, ikabidi wanakwaya wavue majoho wachimbe.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Mtani haruhusiwi kucheka kwa sababu kifo ni kitu chepesi. Anaruhusiwa kwa sababu amechimba. Ameoga vumbi la kaburi lile, mgongo unamuuma kwa ajili ya marehemu, na kila mtu pale makaburini analijua hilo. Mpita njia akifanya mzaha uleule atapigwa, na atakuwa amestahili.

Filamu haichimbi kaburi la mtu, najua. Lakini filamu inaweza kulibeba jeneza mpaka mwisho au kulitupa njiani, na mtazamaji makini huona tofauti. Inayolibeba ni kichekesho cha msibani. Inayolitupa iitwe jina lingine.

Tuanze na hiyo iliyonipeleka barazani. Kubrick alichukua riwaya ya Peter George isiyo na mzaha wowote, akakusudia kutengeneza filamu ya kuogofya. Kadiri alivyoiandika ndivyo alivyoona kwamba ile mipango ya vita, ukiitazama kwa karibu, ni ya kuchekesha: watu wenye elimu kubwa wamekaa wakikadiria ni mamilioni mangapi ya wananchi wao wanaweza kufa na bado wakahesabu kwamba wameshinda. Hakuyabuni hayo; mahesabu ya namna hiyo yalifanywa kweli na wataalamu wenye mishahara. Tena tazama jambo hili. Onyesho la kwanza la majaribio lilipangwa tarehe 22 Novemba 1963. Siku hiyo Rais Kennedy aliuawa kule Dallas. Onyesho likaahirishwa, filamu ikatoka Januari 1964, na mahali ambapo mwigizaji mmoja alitaja Dallas sauti ikabadilishwa, likatiwa jina la mji mwingine. Watu waliotengeneza kichekesho kuhusu mwisho wa dunia waliona hawawezi kukanyaga msiba wa mtu mmoja. Naomba wazee wangu walitafakari hilo kabla hawajasema kwamba wacheshi hawa hawana heshima.

Au chukua Fargo, ya mwaka 1996, ya ndugu wawili Joel na Ethan Coen. Muuza magari mwenye madeni anakodi wahalifu wamteke mke wake ili baba mkwe alipe fedha. Wote ni wajinga, na ujinga wao unachekesha hadi unaua. Kuna mwili unaosagwa kwenye mashine ya kusagia matawi ya miti, na najua watu waliofunga filamu hapo. Wangevumilia kidogo. Anayewafuatilia wahalifu ni mkuu wa polisi wa mji mdogo, mwanamke mjamzito wa miezi saba, na akishamkamata muuaji anamweka nyuma ya gari, anaendesha kwenye theluji, na anawahesabu waliokufa, mmoja mmoja. Anamuuliza kama kweli ilikuwa kwa ajili ya fedha kidogo tu. Hapigi kelele. Anasema haelewi. Filamu nzima tumecheka, na sasa tunarudishiwa maiti zetu tuzipokee. Mahubiri mengi niliyosikia kuhusu tamaa ya mali hayakunifikisha pale.

Vijana nao wasishangilie mapema, maana nina ugomvi na wao pia. Nilipowauliza ni filamu ipi wanaiona bora katika aina hii, kadhaa walinitajia Weekend at Bernie's ya mwaka 1989, ambayo vijana wawili wanaiburuta maiti ya bosi wao huku na huko wakijifanya yu hai. Nimewakatalia. Mle ndani maiti ni mwanasesere. Filamu haioni kwamba kuna la kulilia, kwa hiyo haina giza lolote la kuchekea. Kuwapo kwa maiti hakuifanyi filamu kuwa ya aina hii, kama vile kuwapo kwa msalaba ukutani hakuifanyi baa kuwa kanisa.

Kinyume chake ni In Bruges ya Martin McDonagh, mwaka 2008. Matusi yake ni mengi kiasi kwamba siwezi kuionyesha ukumbini, na sijaomba ruhusa. Lakini ndani yake kuna muuaji wa kukodiwa ambaye katika kazi yake ya kwanza alimpiga risasi padre, na risasi ikampata mtoto aliyekuwa akisubiri kuungama, ameshika karatasi aliyoandika dhambi zake za kitoto. Anafichwa katika mji mzuri wa Ubelgiji ambao anauchukia, na anatuchekesha kwa chuki hiyo, na wakati wote mtoto yule hatoki machoni pake wala petu. Anasimama mbele ya mchoro wa kale wa Hukumu ya Mwisho akiuliza maswali ambayo katekista yeyote angefurahi kuulizwa. Mimi ile naiita filamu ya toba.

Wale wanaosema Maandiko hayajui kicheko cha namna hii sijui wanasoma Maandiko yapi. Fungueni Matendo, sura ya 20. Paulo anahubiri ghorofani mpaka usiku wa manane, taa ni nyingi, kijana Eutiko amekaa dirishani, usingizi unamzidi, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu, anaokotwa amekufa. Paulo anashuka, anamkumbatia, uhai unarudi. Kisha Paulo anafanya nini? Anapanda tena, anakula, na anaendelea kuzungumza mpaka alfajiri. Luka angeweza kulificha hilo. Hakulificha, nami nadhani alipoliandika alitabasamu.

Na Egloni mfalme wa Moabu, katika Waamuzi 3? Ehudi amekwisha kumchoma upanga, amefunga milango na kwenda zake, na watumishi wamesimama nje wakidhani mfalme yuko haja. Wanangoja mpaka wanaona aibu. Hakuna anayethubutu kufungua. Niliikumbuka sura hiyo nilipotazama The Death of Stalin ya Armando Iannucci, ya mwaka 2017. Stalin ameanguka chumbani mwake, Machi 1953. Walinzi wako nje na wanaogopa kuingia. Na wanapokuja kutafuta daktari, madaktari wazuri wamekwisha kukamatwa kwa amri ya huyohuyo aliyeanguka. Mambo hayo kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Serikali ya Urusi iliizuia filamu ile Januari 2018, na ninaelewa kwa nini: mtu anayetawala kwa hofu anaweza kustahimili kuchukiwa, si kuchekwa akiwa kwenye mkojo wake.

Sasa niseme lililonichoma zaidi. Wiki ileile niliyoitwa barazani, katika kundi letu la simu la kanisa ilirushwa video ya mwendesha bodaboda aliyegongwa na lori. Mtu alikuwa ameitia sauti ya kicheko. Ilirushwa na mmoja wa wazee walioketi kunihoji, na chini yake zikapangwa alama za kucheka, nane. Kijana yule ana mama. Hakuna kati yetu aliyemchimbia kaburi, hatujui hata jina lake. Baraza halikuitwa kwa ajili ya hilo.

Kuna filamu moja ambayo kipimo changu kinanisumbua, nayo ni Life of Brian ya mwaka 1979, ya kundi la Monty Python. Ilipotoka, Askofu wa Southwark na mwandishi Malcolm Muggeridge waliishutumu kwenye televisheni ya BBC mbele ya waigizaji wawili. Baadaye ilielezwa kwamba walikuwa wamechelewa kufika kwenye onyesho, wakaukosa mwanzo, sehemu ileile inayoonyesha kwamba Brian ni mtu mwingine, si Yesu. Kwa hiyo shutuma yao siihesabu. Lakini mwisho wake, waliosulubiwa wakiimba na kupiga mluzi, unanipa shida. Warumi waliwatundika hivyo watu wengi wenye majina. Nani ameshika chepe pale? Rafiki yangu mmoja, padre, anasema ni wimbo wa mtu anayekufa akijitia moyo, na kwamba nimekuwa mzee kabla ya wakati. Inawezekana. Bado nasita.

Shauri langu halijaamuliwa. Kikao kimeahirishwa mara mbili, na projekta imefungiwa kabatini. Nimeomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kuniita tena wazee wote waketi waitazame Dr. Strangelove yote, saa moja na nusu na ushei, kuanzia picha ya kwanza. Yule mzee aliyelalamika amekubali, kwa sharti kwamba safari hii viti nipange mimi.